Picha Ina Mwenyewe

Kamera yangu ya kwanza ilikuwa inapiga picha tatu kwa sekunde. Ilikuwa Canon 1300D ya mkono wa pili, mpira wa mshikio umeshaanza kubanduka, na ilikuja na lenzi yake fupi. Baadaye nikaiongezea ya milimita 50. Picha tatu kwa sekunde ni chache mno mbele ya mchezo. Mpira uliopigwa sawasawa huenda mita 20 kwa sekunde bila taabu, kwa hiyo kati ya picha moja na inayoifuata umeshakata karibu mita 7. Straika anaachia shuti akiwa ukingoni mwa boksi: picha ya kwanza inamkuta mguu uko nyuma, ya pili inamkuta mguu umeshapita na mpira haumo tena kwenye picha. Kile ulichokuja kukipiga kimetokea katikati. Miaka hiyohiyo wapiga picha wa mashirika makubwa ya habari walikuwa na kamera za picha 14 kwa sekunde, na hata wao watakuambia kwamba kubonyeza na kushikilia kidole si kupiga picha.

Mwenye kamera ya picha tatu hana budi kujifunza kutangulia. Abonyeze kabla jambo halijatokea, akiwa na hakika kwamba linakuja. Na hakika hiyo haipatikani dukani. Mimi niliipata kwenye viwanja vya vyuo, Morogoro, nilipokuwa mwanafunzi.

Mji kasoro bahari umejaa vyuo. Chuo Kikuu cha Sokoine kiko chini ya Milima ya Uluguru, Mzumbe kiko nje ya mji ukielekea Iringa, kipo Chuo Kikuu cha Waislamu, kipo Jordan, vipo vya ualimu na vya afya. Penye chuo pana uwanja, na penye uwanja pana mechi. Mwaka wa kwanza wanacheza na mwaka wa tatu, kitivo na kitivo, wafanyakazi na wanafunzi. Jumamosi kuna bonanza. Ikikaribia SHIMIVUTA, mashindano ya michezo ya vyuo, kuna mechi za kujipima nguvu karibu kila jioni. Watazamaji ni marafiki wa wachezaji, watoto wa nyumba za walimu, na mama anayeuza karanga na juisi za kwenye mifuko. Mwandishi wa habari hayupo. Uzio hakuna, wala mlinzi wa kukuuliza kitambulisho. Ukishamsalimia kocha na waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi, umeruhusiwa: ukitaka kukaa nyuma ya goli, kaa, ukitaka kukaa benchi na wachezaji wa akiba, watakusogelea upate nafasi.

Naandika haya kwa sababu vijana wengi wanaoniuliza habari za kazi hii wanaanzia kwenye kibali cha kuingia Uwanja wa Benjamin Mkapa. Wakikikosa wanabaki nyumbani, kamera iko kabatini. Ningetaka watoke waende kwenye mechi ambazo hakuna mtu anayezipiga picha. Sisemi hivyo kuwafariji. Nasema kwa sababu mambo niliyojifunza pale, nikiwa na vifaa hafifu, sikuyapata tena mahali pengine popote.

La kwanza ni kusikia. Mtu hadhani kwamba mpiga picha anahitaji masikio, lakini kwenye mechi ndogo unasikia kila kitu. Kocha anasimama hatua tatu kutoka kwako na kupaza sauti: “Mpe mrefu! Mpe mrefu!” Basi huna haja ya kumfuata kiungo mwenye mpira, unageuza kamera kwa winga ambaye ameshaanza kukimbia. Kipa akiita “Yangu!” unajua sekunde inayofuata atakuwa hewani, mikono juu, na beki mmoja atainama kumpisha. Wachezaji huambizana mambo ambayo televisheni haiyachukui: mshike huyo, mwache apige kwa kushoto, geuza, una mtu nyuma. Baada ya muhula mmoja wa kusikiliza hivyo nikaanza kuona mchezo kabla haujafunguka. Nilipokuja kukaa kwenye viwanja ambavyo kelele za mashabiki hazimruhusu mtu kusikia hata kipenga, tayari nilikuwa najua mabega ya winga yanakaaje anapoitiwa mpira mrefu, kwa sababu niliwahi kuyaona mara nyingi huku nikisikia wito wenyewe.

La pili nililipata kwenye mpira wa pete, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa sijaona mchezo unaomfundisha mpiga picha kama huu, na sijaona unaopuuzwa na wapiga picha kama huu. Wavulana wakicheza mpira wa miguu, wenye simu wote wanakwenda huko. Kule kwenye uwanja wa udongo, nyuma ya mabweni, wasichana wanacheza fainali na hakuna anayeipiga.

Sheria ya mpira wa pete inampa mchezaji sekunde tatu tu za kukaa na mpira. Beki anayemkaba lazima awe umbali wa futi tatu, yaani kama sentimita 90, kutoka kwenye mguu aliotua nao mwenye mpira. Pete iko juu mita 3.05. Ukiziweka sheria hizo pamoja unaona kwamba mchezo umekupangia picha. Mfungaji ameupokea mpira ndani ya nusu duara. Una muda unaojulikana, hauzidi sekunde tatu. Beki hawezi kumsogelea, hivyo atajinyoosha: kidole cha mguu mmoja chini, mwili mzima umelala hewani, mkono umetandazwa juu ya mpira. Mfungaji atainua mpira juu ya kichwa, magoti yatakunjika, yatanyooka, na mpira utaondoka kwenye ncha za vidole. Nyuso mbili, mikono mitatu au minne na mpira mmoja vitakuwa ndani ya eneo lenye ukubwa wa mlango wa chumba. Picha iko pale kila mara mpira ukiingia kwenye nusu duara. Kazi yako ni kuwa tayari.

Kulikuwa na mfungaji mmoja wa chuo cha ualimu, dada mrefu aliyevaa kizibao cha GS, ambaye kila picha niliyompiga ilikuwa na mpira uliokwisha kuondoka. Baada ya mchezo alikuja kuangalia picha kwenye kioo cha kamera, akaziangalia moja moja kwa makini, kisha akasema, “Kaka, wewe unaangalia mpira. Angalia magoti yangu.” Akasimama palepale, bado ana jasho, akanionesha: anashika mpira, anashusha pumzi, magoti yanashuka kidogo, yanasimama kidogo, ndipo yanapanda. Kile kisimamo kidogo ndicho kilichonifungulia mlango. Ukibonyeza magoti yanapoanza kupanda, mpira unaukuta kwenye vidole. Mechi iliyofuata sikuangalia mpira kabisa, na picha zikaja.

Tangu siku ile nikamwangalia kila mchezaji kama mtu mwenye mazoea yake. Mpiga frii-kiki mmoja huvuta soksi kabla ya kukimbia, mwingine hupiga hatua mbili fupi za kushoto. Kwenye mpira wa wavu, mpigaji akianza kuzungusha mikono nyuma ya mgongo, ujue ameshaamua kuruka hata kama mpira bado uko kwa mwenzake. Kwenye kikapu, anayesubiri ribaundi huanza kwa kusukuma makalio, si kwa kunyoosha mikono. Mambo haya huyajui kwa kuangalia mechi moja ya mwaka. Unayajua kwa kuwaona watu walewale, jioni baada ya jioni, kwenye uwanja uleule, na chuo ndipo mahali pekee ninapopajua ambapo kijana asiye na ajira anaweza kupata hilo bure. Jioni moja unaweza kukuta kikapu, wavu, pete na kuvuta kamba vinachezwa vyote ndani ya eneo dogo, na ukavipitia vyote kabla giza halijaingia. Kwenye kuvuta kamba, kwa mfano, hakuna kinachokwenda mbio. Kasi ya kamera haina kazi. Kuna nyuso tu. Atakayeweza kutoa picha nzuri ya watu wanaovuta kamba ameshajua kwamba mchezo uko usoni mwa mtu kuliko kwenye mpira.

Mwanga nao ulinifunza kwa ukali. Mechi za vyuo hazipangwi kwa ajili ya kamera. Zinaanza saa nne asubuhi kwa kuwa kuna kipindi saa nane, au zinaanza saa kumi jioni kwa kuwa ndipo maabara zinafungwa. Morogoro iko nyuzi karibu 7 kusini mwa Ikweta, na kuna siku za mwanzoni mwa Machi na tena katika Oktoba ambapo jua la saa sita linasimama juu ya utosi kabisa. Mchezaji anakuwa na kivuli chini ya nyayo zake na mashimo mawili meusi mahali pa macho. Kamera hupima mwanga kwa wastani, kana kwamba dunia nzima ina rangi ya kijivu. Ikikutana na jezi nyeupe chini ya jua lile, inapunguza mwanga ili kuiokoa jezi, na uso mweusi wa mwenye jezi unapotea. Unabaki na fulana inayocheza mpira.

Hili linanigusa sana, maana lina historia. Kwa miongo mingi maabara za kusafishia filamu zilipimia rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha picha iliyo sawa. Kamera za leo ni bora zaidi, lakini ukiiachia mashine iamue, mara nyingi itaokoa kitambaa na kumwacha mtu. Kwa hiyo uamuzi nikauchukua mimi. Napima uso, naongeza mwanga kwa theluthi mbili za hatua au hatua nzima, na jezi ikiungua kidogo kwenye bega, iungue. Hakuna mchezaji aliyewahi kunilalamikia kwamba jezi yake imekuwa nyeupe mno. Wanacholalamikia ni kutojitambua.

Nikagundua pia kwamba viwanja duni vina mwanga mzuri kuliko vile vya nyasi. Uwanja wa pete wa udongo mwekundu, uliopigwa mistari kwa chokaa au majivu, hurudisha jua juu. Ule mwanga wa chini unaingia chini ya kidevu, chini ya nyusi, unawasha macho, na kuupa uso rangi ya joto. Nyasi za kijani hazifanyi hivyo. Na jioni, jua likishalala upande wa pili, vumbi linalotimka miguuni mwa wachezaji linashika mwanga na kuwatenganisha na kila kilicho nyuma yao. Kwa lenzi yangu fupi iliyokuja na kamera, ambayo haikuweza kufifisha mandhari ya nyuma, vumbi lilinifanyia kazi ambayo lenzi za gharama kubwa hufanya.

Huko nyuma ya mchezaji ndiko picha nyingi za vyuo zinakoharibikia. Kuna nguo zilizoanikwa, bajaji iliyoegeshwa, tangi la maji, mtu aliyegeuka anaongea na simu. Dawa yake ni miguu. Zunguka uwanja kabla mechi haijaanza, uangalie kila upande una nini nyuma yake, kisha uchague upande na ukubali kupoteza mengine. Mimi nilipenda kupiga magoti upande wa kaskazini wa uwanja, kamera chini karibu na ardhi, ili kichwa cha mchezaji kipande juu ya paa la bweni na kukaa kwenye Uluguru. Mlima uko mbali, umefifia wenyewe, una rangi ya bluu ya jioni. Ukipiga magoti, hata anayeruka sentimita 30 anaonekana ameruka.

Mwanga wa jioni una mwisho wake. Mechi ikianza saa kumi, kipindi cha pili kinaanza kama saa kumi na moja, na mawingu yakishuka kutoka mlimani unapoteza mwanga mapema zaidi. Kila dakika kumi nilikuwa nabadilisha: ISO 400, 800, 1600, 3200, huku nikiilinda kasi ya shata isishuke chini ya 1/500, na ikiwezekana 1/1000. Picha yenye chengachenga inaweza kumpendeza mtu. Picha ambayo uso umetikisika haimpendezi yeyote. Lenzi ile ya milimita 50, ambayo inafunguka hadi f/1.8, iliniokoa kwenye pete na kikapu, kwa kuwa unasimama karibu. Kwenye mpira wa miguu nilikaa kwenye kona, nikakubali kwamba mambo yote ya upande wa pili si yangu, na kusubiri yale yanayokuja kwangu.

Habari ya kuchagua pa kukaa hunikumbusha picha ambayo wengi huihesabu kuwa kubwa kuliko zote katika michezo: Muhammad Ali amesimama juu ya Sonny Liston, mkono wa kulia umekunjwa kifuani, anamfokea aamke. Neil Leifer aliipiga tarehe 25 Mei 1965, akiwa na umri wa miaka 22. Mtu akiitazama anafikiria ukumbi mkubwa wa New York au Las Vegas. Pambano lilifanyika Lewiston, mji mdogo katika jimbo la Maine, ndani ya ukumbi wa vijana wa kuchezea mpira wa magongo wa barafuni, mbele ya watazamaji 2,434. Katika picha ileile, katikati ya miguu ya Ali, anaonekana mpiga picha mwingine upande wa pili wa ulingo, Herb Scharfman, mtu mwenye uzoefu mkubwa, akiutazama mgongo wa Ali. Na taa za Leifer zilizofungwa juu ya ulingo zilihitaji muda wa kujichaji, kwa hiyo pigo lile alikuwa na nafasi moja tu. Nafasi moja, upande mmoja, ukumbi mdogo. Nilipoisoma habari hiyo nikiwa mwaka wa pili, niliacha kuuonea haya uwanja wetu.

Lakini yote hayo, kusikia, magoti, mwanga, mahali pa kukaa, ni ufundi, na ufundi mtu angeweza kuupata kwa njia nyingine ndefu zaidi. Kilichonibadilisha ni kwamba picha za vyuoni zina wenyewe.

Picha ya gazetini inakwenda kwa mhariri, na mchezaji aliyemo huenda asikuone maisha yake yote. Picha ya chuoni inadaiwa usiku uleule. Hujafika bwenini, simu imeshaanza kuita. “Kaka, zile za leo vipi?” “Mpiga picha, naomba ile ya kona.” Na wanajua kudai: wanataka utume kama dokumenti, kwa sababu WhatsApp ikiibana inapoteza ubora. Kesho yake mchana unakutana nao kwenye foleni ya chakula na wanakuambia wazi. Mbona sura yangu imefunikwa na mkono? Mbona umenipiga nikiwa nimeshapokonywa mpira? Mbona beki wetu wa kulia hana hata moja? Sikuwahi kuwa na wahariri wakali kama wale. Maswali yao yalinipa kanuni mbili ambazo bado nazitumia ninapochagua picha: uso uonekane, na tendo liwe la kweli, yaani mchezaji akiiangalia akubali kwamba ndivyo alivyocheza.

Swali la beki wa kulia lilinisumbua zaidi. Ni kweli, hakuwa na picha. Mabeki, makipa wa akiba, wale wanaoingia dakika za mwisho, kamera huwapita kwa sababu mpira unawapita. Nikaanza kuomba orodha ya kikosi kwa kocha kabla ya mechi, kwa kuwa jezi zetu hazikuwa na majina na namba nyingine zilibandikwa kwa plasta. Naandika kwenye daftari dogo: namba, jina, kozi. Kisha wakati wa mapumziko naangalia nani bado, na kipindi cha pili namtafuta huyo. Hapo nikajifunza kumwangalia mtu asiye na mpira: beki anayewapanga wenzake kwa mkono, kipa wa akiba aliyepiga magoti na kushika nyasi, kiungo anayeinama kumfunga mwenzake kamba za kiatu. Baadhi ya picha zangu ninazozipenda kuliko zote zilitokana na deni la mtu mmoja ambaye hakuwa na picha.

Ndiyo maana siondoki kipenga cha mwisho kikilia. Watanzania tunalijua hili kuliko wengi, kwa sababu ya mwanariadha wetu John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968 mjini Mexico City, Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda mbio za marathoni za Olimpiki. Akhwari alifika zaidi ya saa nzima baadaye, goti limefungwa bandeji, anachechemea, giza limeingia na watu wengi wameshaondoka uwanjani. Tunamwona leo kwa sababu wapo waliobaki na kamera zao. Kwenye mechi za vyuo dakika kumi baada ya kipenga ni tajiri kuliko nusu ya mchezo wenyewe: aliyekosa penalti amekaa peke yake na jezi usoni, kocha anazunguka kumtafuta, timu iliyoshinda haijui ifanye nini na furaha yake kwa kuwa hakuna kombe wala jukwaa.

Kuna mipaka pia, na niliifahamu pale kwa kuwa nilikuwa naishi na watu ninaowapiga. Mchezaji akiruka, nguo hupanda. Akianguka, mwili hukaa vibaya. Kamera inaona yote. Picha ya aina hiyo ikitoka kwangu na kuingia kwenye kundi la darasa, dada yule ndiye atakayeibeba muhula mzima. Kwa hiyo nazifuta, tena nazifuta kabla mtu hajaziona, hata kama tendo ni zuri na mpira uko mahali pake. Dada wanaocheza na hijabu nilikuwa nawauliza kabla ya mechi, kwa kuwa wapo wanaofurahi kupigwa picha na wapo wasiotaka, na jibu la jana si lazima liwe la leo. Sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na vyuo vinaanza kuzungumzia ridhaa kwa lugha ya kisheria. Ni jambo jema. Sisi tulilijua kwa njia ya ujirani: huyu kesho nitakaa naye maktaba.

Baadaye nilivaa kizibao cha wapiga picha na kuingia Uwanja wa Benjamin Mkapa, watu 60,000, dabi ya Kariakoo. Unapangiwa sehemu, nyuma ya mabango, na hapo ndipo utakapokaa. Humsikii kocha. Huwezi kuzunguka. Wenzako kulia na kushoto wana lenzi ndefu na kamera ambazo hazipumziki. Nilichokuwa nacho ni kile nilichotoka nacho Morogoro: nilijua mabega ya winga, nilijua kipa anapoanza kukusanya miguu, nilijua uso wa mfungaji utageukia kwa wenzake wa benchi kabla haujageukia jukwaani, kwa sababu hata kwenye uwanja wa vumbi mtu akifunga humtafuta kwanza aliyemwamini. Nilibonyeza kidogo kuliko wenzangu na sikuona upungufu.

Sasa kuna jambo moja ningeviomba vyuo, na ningewaomba maofisa wa michezo na serikali za wanafunzi walichukue kwa uzito. Picha hizi zinapotea. Zinapigwa na mwanafunzi mwenye bidii, zinasambaa kwenye simu za wachezaji, simu zinaibwa au zinaharibika, mwanafunzi anahitimu na kompyuta yake, na mwaka unaofuata chuo hakina ushahidi kwamba kilikuwa na timu ya pete. Chuo Kikuu cha Sokoine kilianza Julai 1984. Hebu fikiria ni vizazi vingapi vya wanamichezo vimepita kwenye viwanja vyake, na wangapi kati yao wana picha hata moja ya siku walipokuwa na nguvu zao zote. Wengi wao hawakucheza tena baada ya kuhitimu. Wakawa maofisa kilimo, walimu, wahasibu, mama na baba wa watoto ambao hawaamini kwamba mzazi wao aliwahi kuruka hivyo.

Haihitaji fedha nyingi. Diski mbili zenye nakala sawa, moja kwa mshauri wa wanafunzi na nyingine maktaba. Kila mechi na folda yake: mwaka, mwezi, siku, timu, mchezo. Chini ya kila picha jina la mchezaji lililoandikwa kwa herufi sahihi, kozi yake, na jina la aliyepiga. Mimi nilikuwa naandika maelezo usiku uleule, kabla ya kulala, kwa sababu daftari likishapita wiki moja huwezi kukumbuka namba 8 ya mechi ya Jumatano alikuwa nani. Kijana anayeanza leo, mwenye simu nzuri au kamera ya kuazima, namshauri aanze na daftari hilo hata kabla ya kuuliza habari za lenzi. Akishauliza, namjibu: milimita 50 inatosha kwa pete, kikapu na wavu, na uwanja wa pete uko nyuma ya mabweni, wanaanza saa kumi.